Mkia wa Rangi ya Kijani

Kharkiv, 14 Oktoba 2024

Mdogo wangu Tymko,

Mimi ni mzima, ila magoti yanalalamika, nayo yana haki, kwa sababu lifti ya jengo letu bado imekufa. Natumaini nawe u mzima, na mkeo Danuta, na kwamba binti yenu ameanza muhula vizuri. Kabichi nimeshachachusha. Paka wa marehemu Mama bado yupo, sijui anaishi kwa chakula gani, maana changu hakitaki.

Sasa habari mbaya, na sitaizungusha. Mama Fenia amefariki. Ilikuwa alfajiri ya tarehe tatu, droni ilipoingia ghorofa ya tatu, juu ya mlango wa pili wa jengo letu, naye alikuwa kwenye ngazi akishuka kujificha. Tulimzika tarehe sita, pembeni ya mumewe. Nilikupigia simu mara nne. Basi. Yeye ndiye aliyekushika siku ya ubatizo wako, kwa hiyo mwashie mshumaa huko uliko.

Kwenye kijistoo chake chini ya jengo hakikuvunjika kitu. Nimekuta chupa kumi na mbili za jamu ya cheri, zimepangwa kwenye ubao peke yake, kila moja na karatasi yake: "Tymko 2013", "Tymko 2014", hadi ya mwaka huu. Kila msimu alikuwekea yako. Kwa nini zimefika kumi na mbili bila kuchukuliwa unajua wewe. Nitaangalia namna ya kuzituma.

Nina swali moja. Pampu unazokagua kiwandani kwenu, bado unazipiga rangi ya kijani kama Baba alivyotufundisha, mstari na mkia wake? Jibu kwa mkono wako, ndiyo au hapana. Naandika kwenye karatasi kwa sababu kazini simu tunaziacha getini, na kwa sababu kwenye simu wewe hucheka halafu hubadili mazungumzo. Barua hii anaichukua Bohdan, dereva wa basi la Ijumaa. Jibu mpe yeye.

Dada yako,
Zina


Olszyny, Poland, 3 Novemba 2024

Dada Zina,

Barua yako ilinikuta na homa, na baada ya kuisoma nikalala tena siku nzima. Siku ile ulipopiga nilikuwa kwenye mashine, haturuhusiwi kushika simu. Mama Fenia. Nilimwashia mshumaa kwenye kanisa lao huku, mlinzi wa kanisa akaniangalia kwa sababu nafanya ishara ya msalaba kuanzia kulia, kinyume na wao. Alikuwa akinivuta sikio kwa mkono wenye unga, unakumbuka? Nilikuwa natembea mtaani na sikio jeupe. Je, aliumia muda mrefu? Niambie ukweli.

Danuta amefanyiwa upasuaji wa nyongo, anaendelea. Binti yetu ana alama nzuri kwenye hesabu na mbaya kwenye kila kitu kingine. Maboga ya bustani yalioza kwa mvua. Nimempa Bohdan buti za baridi, namba thelathini na nane, zina manyoya ndani, na dawa zako za presha za miezi mitatu. Usimgawie jirani.

Zile chupa, nitumie hata moja tu. Ya 2013.

Mambo ya kazini hayana ladha kwenye barua. Nafanya kazi, nalipwa, nalala. Jifunike vizuri.

Mdogo wako,
Tymko


Kharkiv, 20 Novemba 2024

Tymofii,

Dawa nimezipokea, kwa sababu presha haina kiburi. Buti nimezirudisha, utazikuta kwa Bohdan. Sikukuomba buti. Nilikuomba neno moja.

Tarehe kumi na moja tulifanya arobaini ya Mama Fenia. Tulikula uji wa ngano na asali, watu tisa, na jirani Raisa akaweka sahani yako mezani akisema mtoto wake wa ubatizo lazima awe na sahani. Ilikaa pale imejaa. Mwishoni aliila paka, ambaye chakula changu hakitaki.

Kwa kuwa hujawahi kuniuliza ninafanya kazi gani siku hizi, nakueleza. Nipo kwenye bohari ambako hukusanywa mabaki ya zile droni za kwenda bila kurudi. Mtaani tunaziita pikipiki, kwa mlio wake. Asubuhi gari huleta vipande kwenye magunia, kila gunia na karatasi ya mtaa na saa. Tunavipanga sakafuni kwa umbo lake: bawa, bawa, tumbo, injini. Kisha kila kitu kinafunguliwa mezani. Mimi nasafisha masizi, napima, naandika kwenye kitabu cha bohari. Aliyeziunda tunamjua. Tunachotafuta ni nani aliyemuuzia vitu vya ndani, maana ndege moja huwa na vipande vya nchi saba au nane, na kila kipande kina muuzaji aliyelala usingizi mzuri. Nambari nyingi wamezikwangua kwa tupa. Ndiyo sababu tunaangalia kila kitu kingine: kutu, gundi, mshono, aina ya waya.

Tarehe tano Oktoba nilishika pampu ya mafuta, ndogo, ukubwa wa kiberiti. Nambari zimekwanguliwa hadi chuma kinang'aa. Lakini kwenye skrubu ya kifuniko kulikuwa na mstari wa kijani unaovuka kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye mwili wa pampu, na mwishoni mkia umepinda kuelekea namba tano ya uso wa saa, mwezi iliyokaguliwa. Mei. Mwenye tupa hakuugusa, aliuona ni rangi tu ya kuzuia skrubu isilegee.

Ruslan, mkuu wetu, naye aliona hivyo hivyo. Alinikuta nimeishika muda mrefu, akasema, "Bi Zina, hiyo ni rangi ya fundi. Au umepata mchumba?" Wote wakacheka. Nikacheka na mimi. Nikaandika kitabuni: pampu moja, nambari hakuna, alama hakuna.

Umesoma vizuri? Mimi, binti wa Kornii mkaguzi, niliandika alama hakuna. Kwenye daftari langu la nyumbani nimeandika ukweli, tarehe na kila kitu, na kila siku nalibeba kwenye mkoba kama jiwe. Tarehe kumi na sita mwezi huu imekuja nyingine, mkia kwenye namba nane.

Duniani waliofundishwa mkia wa mwezi ni watu wawili. Mmoja anasafisha masizi Kharkiv. Wa pili nijibu.

Zinaida


Olszyny, 15 Desemba 2024

Zinaida,

Salamu. Sisi wazima. Theluji imeanguka.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kituo cha basi, Bohdan akiniangalia, na buti mkononi kama mtu aliyefukuzwa nyumbani. Umefanikiwa kuniaibisha mbele ya dereva.

Mimi ni mkaguzi, si muuzaji. Kiwanda chetu kinatengeneza pampu ndogo za hita za matrekta, na za ndege ndogo za kunyunyizia dawa mashambani. Zinawekwa kwenye maboksi, zinaondoka. Rangi ya kijani ipo kwenye kila duka la vifaa Ulaya nzima. Mtu akipiga mstari mkono ukateleza, tayari una mkia. Unataka niwe na hatia kwa sababu rangi ilitiririka?

Na kwa taarifa yako, mkia wa Baba niliuacha tangu nilipoingia kiwanda hiki. Huku kuna mashine ya kuchapa tarehe. Hakuna anayehitaji brashi ya manyoya ya kindi.

Wewe ulibaki kwa hiari yako. Nilikuambia uje, mara tatu nilikuambia, chumba kilikuwa tayari. Ukasema nani atamwagilia maua ya Mama. Sasa umekaa na masizi yako unatafuta wa kumlaumu, na aliye karibu ni mimi. Nani amekutumia jenereta? Nani amekutumia dirisha la plastiki wakati lako lilipopasuka? Kama mkono huo ni mchafu, ungeukataa tangu mwanzo.

Danuta anakusalimu. Hajui habari hii na sitaki ajue.

T.


Kharkiv, 8 Februari 2025

Tymofii,

Msalimie Danuta. Krismasi ilipita, Raisa aliimba peke yake kwa sababu wenzake wote wa kwaya wamehama. Maua ya Mama yameganda na kufa, kwa hiyo hoja yako hiyo imekwisha.

Sikukujibu kwa wiki saba. Nilikuwa nimekuamini. Nataka ujue hilo kabla hujaendelea kusoma. Nilisoma barua yako mara nyingi, ya mashine ya kuchapa tarehe, nikajiambia Zina wewe ni mama mzee mkali, umemtukana mtoto wa mama yako kwa sababu ya tone la rangi. Nilinunua soksi za kukutumia. Nilikuwa naanza kuandika barua ya kuomba radhi.

Jana asubuhi wameleta gunia kutoka nyuma ya stesheni. Pampu ilikuwa haikuungua hata kidogo, ilianguka kwenye theluji. Nambari zimekwanguliwa. Mstari wa kijani. Mkia umesimama wima, juu kabisa, kwenye kumi na mbili.

Desemba, Tymofii. Mwezi uliokaa mezani ukaniandikia kwamba umeacha.

Sasa nitakujibu swali ulilouliza Novemba, ambalo nililikwepa kwa huruma. Uliuliza kama Mama Fenia aliumia muda mrefu. Dakika arobaini. Alikuwa chini ya bamba la ngazi na alikuwa anazungumza. Raisa alikuwa amemshika mkono, mkono ndio uliokuwa nje. Alimuuliza Raisa kama ametia kufuli kwenye kijistoo. Na ile pampu ya kwanza, ya mkia wa Mei, haikutoka kwenye gunia la mtaa mwingine. Ilitoka ghorofa ya tatu, mlango wa pili. Karatasi ya gunia niliiandika kwa mkono wangu.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akisema akipiga ule mstari? Hakusema "imekaguliwa". Alisema, "Hii nimeiapia." Maana yake nzima, haitavuja, itamfikisha mwenye nayo anakokwenda. Basi haikuvuja. Ilimfikisha.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikificha ndani ya nguo, nikafunga na vifungo.

Najua kuwa una daftari. Baba alitupa wote wawili tabia ile, na wewe huwezi kulala bila kuandika boksi gani limeondoka tarehe gani na limebebwa na gari la nani. Mashine ya kuchapa tarehe, labda. Lakini daftari unalo. Nalitaka. Lipeleke kwa Bohdan kabla mwezi huu haujaisha. Tarehe mosi Machi naingia kwa Ruslan na kusema yote, nikianza na langu la kuandika alama hakuna. Ukilileta, jina lako litaandikwa kama la mtu aliyesema. Usipolileta litaandikwa kama la mtu aliyepatikana.

Zina


Olszyny, 25 Februari 2025

Dada,

Sina salamu za kuandika. Bohdan anaondoka leo na amesema mpakani wakulima wamefunga barabara kwa matrekta, hajui atapita lini. Mwambie Ruslan kwamba nilimpa dereva bahasha tarehe ishirini na tano. Bohdan ni shahidi.

Daftari lipo ndani ya bahasha hii. Miaka mitatu. Kila boksi, kila tarehe, kila namba ya gari.

Nilijua tangu Aprili mwaka jana. Oda ilipanda mara nne, na hakuna nchi iliyoongeza matrekta mara nne. Kisha tukaambiwa nambari zichapwe juu juu, zisizame kwenye chuma. Nilikwenda kwa mwenye kiwanda. Hakukasirika, alinimiminia chai. Akasema, "Bwana Tymofii, wewe kazi yako ni kuangalia kama inavuja. Inakwenda wapi, hiyo si kazi ya macho yako." Halafu akaniuliza Danuta anaendeleaje, na kama bima ya kiwanda inatosha kwa upasuaji. Aliuliza kwa upole kabisa. Nikanywa chai yangu, nikarudi mezani.

Unaniuliza Desemba. Nilipokuandikia kwamba nimeacha, rangi ilikuwa bado kwenye vidole. Ningeweza kuacha kweli. Baada ya barua yako ya Oktoba ilikuwa rahisi, kuweka brashi chini tu, na usingepata kitu tena. Sikuweza. Nilijiambia acha alama ibaki, Zina ataiona, siku moja atazifuata hizi alama hadi kwenye meza yangu na mambo haya yataisha bila mimi kufungua mdomo. Nilikuwa nakudanganya kwa kalamu na kukuambia ukweli kwa brashi. Sijui kama hilo lina maana kwako.

Jana niliacha kazi. Danuta nimemwambia. Amenifungia mlango wa chumba, nasikia anazungumza na dada yake kwa Kipolandi cha haraka, kile wanachotumia ili nisielewe.

Dakika arobaini. Tangu nilipoisoma nahesabu kila kitu kwa hizo. Mkate unaiva dakika arobaini. Basi la mjini dakika arobaini.

Usinitumie chupa.

Tymko


Kharkiv, 23 Machi 2025

Tymko,

Mimi mzima. Magoti vilevile. Theluji imeyeyuka na ua wetu umejaa matope na vioo.

Daftari limefika tarehe kumi na moja. Barua yako inasema ishirini na tano Februari na Bohdan ameapa hivyo mbele ya Ruslan, kofia mkononi. Lakini tarehe mosi Machi mimi nilikuwa nimeshaingia, kama nilivyokuambia, kwa sababu sikuwa na kitu mkononi kutoka kwako na sikutaka kujipa siku moja zaidi. Kwa hiyo jina lako liliandikwa kwanza chini ya waliopatikana. Ruslan ameongeza mstari pembeni: alileta daftari mwenyewe, njia ilifungwa. Cha kwanza hakikufutwa. Kwenye kitabu chetu hakuna kufuta.

Nilipomwambia kuhusu ile pampu ya Mama Fenia, Ruslan hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Siku ngapi, Bi Zina?" Nikamwambia mia moja arobaini na saba. Akaivuta taa ya mezani kuelekea upande wake, akasema, "Mimi nilikutania mchumba." Kisha akatoka nje. Sipo tena mezani. Nasafisha vipande uani, kwa ndoo na brashi ya waya, na kalamu sishiki. Ni haki. Usinihurumie, na usithubutu kunifariji.

Daftari lako wamelisoma siku tatu. Namba za gari, tarehe, maboksi, vyote vinalingana na mikia. Tumerudi kwenye magunia ya zamani na kukuta mikia mingine sita tuliyokuwa tumeiita rangi ya fundi. Sasa kila fundi wa bohari anajua kusoma mkia wa Baba. Karatasi zimepelekwa kwa wenzetu wa upande wenu, na nasikia kiwanda kimewekwa kufuli, mwenye nacho anasema hajui chochote, aulizwe mkaguzi. Watakuuliza. Utajibu kwa neno moja moja, ndiyo au hapana, kama nilivyokuomba mwanzo.

Unasema uliniambia ukweli kwa brashi. Nimelifikiria hilo nikiwa na ndoo. Sikubali. Pampu mbovu ungeweza kuikataa, nzima ungeweza kuitoboa. Ulikuwa na bisibisi mkononi. Hukuziwekea mkia ili mimi nione, uliziweka kwa sababu ni kazi nzuri na wewe huwezi kuachia kazi nzuri iondoke bila kuiapia. Baba alikuwa hivyo hivyo na mimi ni hivyo hivyo, ndiyo maana niliitambua kabla sijaifuta masizi. Usiifanye kuwa ujasiri. Tuna hasira za kutosha huku bila hiyo.

Wiki hii imekuja pampu isiyo na mstari wowote. Imekwanguliwa, safi, ya mtu tusiyemjua. Kwa hiyo kazi inaendelea.

Kuhusu chupa. Unasema nisikutumie, na kweli sitakutumia. Raisa anataka kuzigawa, nimemkatalia. Ziko pale pale kwenye ubao, kumi na mbili, karatasi zake zinatazama mlangoni, na kufuli nimetia, mwambie Mama Fenia ukimwashia mshumaa. Mwaka huu, kama mti wake wa cheri utazaa, nitapika mimi na kuandika ya kumi na tatu.

Kijistoo hakina mlango wa nje, unajua. Anayetaka kufika huko hupita mlango wa pili, anashuka ngazi, pale bamba lilipoanguka. Wameweka jipya, rangi yake tofauti, huwezi kulikosa. Una miaka hamsini na moja, bado ni umri wa jeshi, ukivuka mpaka kuja huku hawatakuruhusu kutoka tena hadi haya yaishe. Nalijua hilo, nawe unalijua, kwa hiyo sikuambii njoo.

Nakuambia tu ufunguo ninao mimi, na simpi Bohdan.

Zina